Magazeti ya Kigujarati na Mji wa Bagamoyo

Mwanzoni mwa mwezi wa Februari, mwaka 1871, Henry Morton Stanley alivuka bahari kutoka Unguja akashuka Bagamoyo. Alikuwa mwandishi wa New York Herald, gazeti la Marekani, na tajiri wa gazeti hilo alikuwa amemtuma amtafute David Livingstone popote alipo katika bara. Mizigo yake ilikuwa mingi: nguo za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Mizigo hiyo isingeweza kusogea hatua moja pasipo wapagazi, na kupata wapagazi ilikuwa kazi ya wafanyabiashara wa mji. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kihindi ambaye Stanley aliliandika jina lake Soor Hadji Palloo. Kwa majuma kadhaa watu hao wawili walibishana juu ya idadi ya wapagazi, juu ya doti za nguo za kuwalipa, na juu ya hesabu ya kila kitu kilichotoka dukani. Msafara wa mwisho wa Stanley uliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi. Mwaka uliofuata kitabu chake kilichapwa, na ndani yake yule kijana akaonyeshwa kuwa mjanja asiyeaminika katika hesabu.

Wengi walioichunguza historia ya pwani humtambua kijana huyo kuwa Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1851 katika ukoo wa Makhoja waliotoka Kachi, na ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Mrima. Yamkini Stanley alisema kweli. Yamkini pia hasira ya kucheleweshwa ilimzidishia maneno. Hukumu haiwezi kutolewa kwa haki, kwa maana katika shauri hilo upande mmoja tu ndio uliochapwa. Mmarekani alikuwa na gazeti nyuma yake, na wasomaji maelfu kwa maelfu ng'ambo ya bahari. Mhindi wa Bagamoyo alikuwa na daftari lake la hesabu, lililoandikwa kwa herufi za Kigujarati, na hakuna mtu wa New York aliyelifungua.

Jambo hili dogo lina maana kubwa kwa historia ya magazeti katika Afrika ya Mashariki. Jamii isiyo na gazeti husimuliwa na wengine, kwa maneno wasiyoyachagua na mara nyingi wasiyoyasikia. Wahindi wa pwani walisimuliwa hivyo kwa muda mrefu kabla ya kupata magazeti yao wenyewe. Na walipoyapata, likazuka swali la pili lililo gumu kuliko la kwanza: je, mtu aliyeonja ubaya wa kusimuliwa na mwingine atamsimulia jirani yake namna gani?

Haifai kudhani kwamba kabla ya magazeti mji wa Bagamoyo ulikosa habari. Misafara iliyoshuka kutoka Unyanyembe na Ujiji ilileta pembe za ndovu, na pamoja na pembe ilileta maneno: njia ipi ni salama, mtemi yupi amefariki, nani anadai hongo zaidi kuliko mwaka jana. Upepo wa kaskazi ulileta vyombo kutoka Kachi, Bombay na Maskati, na vyombo hivyo vilikuwa na barua za jamaa na bei za masoko. Upepo wa kusi ulipogeuka, majibu yakarudi. Mswahili aliyekutana na mwenzake hakuanza neno lolote kabla ya kumwuliza habari, na neno lenyewe, lililotoka katika Kiarabu, lilikuwa limekwisha kuwa salamu ya kila siku. Matukio makubwa yalitungiwa tenzi. Vita vya mwaka 1888 na 1889, ambamo Abushiri bin Salim aliwapinga Wajerumani hapo Bagamoyo na Pangani, na Bwana Heri akawapinga Saadani, viliandikwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy katika utenzi kwa herufi za Kiarabu. Utenzi ule ulifanya kazi ambayo mahali pengine ingefanywa na gazeti: ulisema nani alifanya nini, wapi, na kwa sababu gani, nao ulisema hayo kutoka upande wa watu wa Mrima.

Katika mji huo mmoja, basi, habari zilipita katika mifereji mbalimbali. Mfereji wa Kiswahili ulikuwa wazi kwa wote, kwa sababu Mwarabu, Mhindi, Mnyamwezi na Mzaramo wote walikijua Kiswahili cha sokoni. Mfereji wa Kigujarati ulikuwa wa ndani. Mfanyabiashara wa Bagamoyo alinena Kiswahili na wateja wake mchana kutwa, na usiku, mlango ulipokwisha kufungwa, aliandika hesabu zake na barua zake kwa lugha ya wazee wake. Hapakuwa na ubaya katika jambo hilo. Hesabu ni siri ya kila mwenye duka, na barua ya nyumbani haiandikwi kwa lugha ya sokoni. Lakini yafaa kukumbuka desturi hiyo ya lugha ya nje na lugha ya ndani, kwa sababu magazeti yalipokuja yaliirithi.

Wagujarati hawakuwa wageni wa uchapaji. Mwaka 1822 Mparsi mmoja wa Bombay, Fardunjee Marzban, alianzisha gazeti la Kigujarati lililoitwa Bombay Samachar, na maana ya samachar ni habari. Gazeti hilo limeendelea kuchapwa hata karne hii ya 21, nalo huhesabiwa kuwa kongwe kuliko yote yanayoendelea kutoka katika Asia. Ilipofika mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza kuunganisha Unguja na Aden, na kutoka Aden na Bombay. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja. Tangu hapo mambo yaliyokuwa yakisubiri msimu mzima wa upepo yaliweza kufika kwa majuma machache kwa meli, au kwa siku moja kwa waya. Wenye maduka wa pwani wakaishi katika nyakati mbili kwa pamoja, wakati wa Bagamoyo na wakati wa Bombay.

Gazeti la Kigujarati lililopata sifa kubwa katika pande hizi lilizaliwa Unguja mwaka 1903, nalo likachukua jina lile lile la Samachar. Mwanzilishi wake alikuwa Fazel Janmohamed Master, na gazeti lilidumu kwa miongo mingi. Mwaka huo huo wa 1903, huko Natal katika Afrika ya Kusini, Mohandas Gandhi na wenzake walitoa Indian Opinion, lililochapwa kwa Kiingereza, Kigujarati, Kihindi na Kitamil. Kwamba magazeti hayo mawili yalitokea mwaka mmoja si jambo la kustaajabisha sana. Kizazi cha kwanza cha wahamiaji hujishughulisha na kupata riziki. Kizazi kinachofuata, kilichojenga nyumba na kuzika wazee wake katika ardhi mpya, huanza kutaka kujua kinahesabiwa kuwa nani katika nchi hiyo.

Mwendo huo haukuwa wa Wahindi peke yao. Wachina waliovuka bahari walikuwa wamefanya vivyo hivyo mapema zaidi. Mwaka 1854 mjini San Francisco lilitokea gazeti la Kichina lililokusudiwa wachimba dhahabu na wachuuzi waliojaa California katika miaka ile. Mwaka 1881 See Ewe Lay alianzisha Lat Pau mjini Singapore, nalo likaishi hata mwaka 1932. Magazeti ya namna hii, yawe ya Kichina au ya Kigujarati, hufanana katika jambo moja: msomaji wake anakaa mahali pamoja na moyo wake uko mahali pawili. Kwa hiyo gazeti humletea habari za nchi ya wazee, humwambia meli ipi imetia nanga na bidhaa gani imepanda bei, humtangazia harusi, misiba na michango ya jamaa zake, kisha humfasiria sheria za serikali anayoishi chini yake. Habari ya mwisho katika orodha hiyo ndiyo inayozaa siasa. Mtu akisomewa sheria kwa lugha yake mwenyewe huanza kuuliza kwa nini imeandikwa hivyo.

Kutoka Unguja hadi Bagamoyo ni safari fupi ya bahari, na jamaa za Kihindi za miji hiyo miwili zilikuwa zimeunganishwa kwa ndoa, kwa mikopo na kwa ibada. Walakini Bagamoyo ya mwaka 1903 haikuwa tena ile ya Stanley. Wajerumani walikuwa wamehamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891. Sewa Haji alikuwa amefariki mwaka 1897, na biashara yake ya misafara ikaendelezwa na Allidina Visram, aliyeanza kazi hapo hapo Bagamoyo na akaeneza maduka yake mpaka Uganda. Mwaka 1905 ulianza ujenzi wa reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa ukishuka kwa mabega ya Wanyamwezi mpaka Bagamoyo ukashuka kwa magurudumu mpaka bandari nyingine. Duka la Mhindi likabaki, likinunua kopra na kuuza nguo, chumvi na mafuta ya taa.

Katika wakati huo wa Wajerumani palikuwa na magazeti mengine mawili ambayo msomaji wa leo hana budi kuyajua ili aufahamu mkasa wote. La kwanza ni Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899 chini ya Willy von Roy. Hili nalo lilikuwa gazeti la watu walio mbali na kwao: walowezi, wenye mashamba na wafanyabiashara wa Kijerumani. Lilimpiga vita Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyetawala tangu mwaka 1906 hata 1912, kwa sababu walowezi walimwona kuwa anaipendelea biashara ya Wahindi na kilimo cha Waafrika kuliko mashamba yao. Mhindi mwenye duka akawa tena mada katika gazeti la mwingine, na kwa mara ya pili akasimuliwa kwa lugha ambayo wengi wa jamaa zake hawakuisoma. La pili ni Kiongozi, lililochapwa kwa Kiswahili na shule ya serikali ya Tanga tangu katikati ya muongo wa kwanza wa karne ya 20 mpaka vita vilipoukomesha utawala wa Kijerumani mwaka 1916. Hilo lilisomwa na walimu, makarani na maakida, wengi wao wakiwa watu wa pwani waliopelekwa bara kufanya kazi, nao wakaandika barua kutoka huko.

Mtu angalipita katika njia moja ya mji wa pwani mwaka 1910, angaliweza kukuta nyumba tatu zilizopakana: katika ya kwanza husomwa Kijerumani, katika ya pili Kigujarati, katika ya tatu Kiswahili. Kila nyumba ingaliyajua mambo ya mbali kuliko ilivyojua yaliyoandikwa katika nyumba ya pili. Utawala wa Kijerumani ulipoanguka, mpango huo haukubadilika, ila Kijerumani kilitoka na Kiingereza kikaingia.

Mwaka 1923 ndio uliodhihirisha uzito wa mambo haya. Katika mwezi wa Januari, Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza ilitoa toleo la kwanza la Mambo Leo, gazeti la Kiswahili lililotoka kila mwezi Dar es Salaam. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Aprili, Wahindi wa Tanganyika walifunga maduka yao. Serikali ya Gavana Horace Byatt ilikuwa imeleta sheria mpya za leseni za biashara na za wachuuzi, pamoja na kodi ya faida. Kodi yenyewe iliwaudhi. Lakini jambo lililowachoma zaidi lilikuwa sharti kwamba daftari za hesabu ziandikwe kwa lugha ambazo serikali imezikubali, Kiingereza na Kiswahili zikiwamo. Kigujarati hakikuwamo.

Msomaji apime uzito wa sharti hilo katika duka dogo la Bagamoyo au Saadani. Mwenye duka alikisema Kiswahili kwa ufasaha, labda alikuwa amekisema tangu utotoni; lakini hakuwa amepata kujifunza kukiandika kwa herufi za Kirumi, na hakuwa na mapato ya kuajiri karani wa Kiingereza. Hesabu yake yote, pamoja na madeni ya wateja, ilikuwa katika maandishi ya wazee wake. Kwa kalamu moja ya serikali, daftari lile ambalo ndilo ushahidi wake wote likafanywa kuwa si kitu mbele ya sheria. Wenye maduka makubwa wangeweza kulipa wakalimani. Wadogo waliona kwamba wanaondolewa katika biashara kwa njia ya lugha.

Namna waliyochagua kupinga ilikuwa hartali, yaani kufunga maduka na kuacha kazi kwa pamoja, namna ambayo Gandhi alikuwa ameitumia India mwaka 1919. Maduka ya Tanganyika yalifungwa kwa siku 54. Walioongoza shauri hilo walikumbusha kwamba Tanganyika haikuwa koloni bali nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Kwamba India ilikuwa mwanachama wa shirikisho hilo. Na kwamba hati ya udhamini iliwaahidi raia wa nchi wanachama haki sawa katika biashara. Serikali ya India nayo iliombwa iwatetee. Shauri lilianza katika vijiduka vya pwani, nalo likasikika Delhi na London.

Kutokana na mgomo huo lilizaliwa gazeti. Katika mwaka huo huo wa 1923 M. O. Abbasi alianzisha Tanganyika Opinion mjini Dar es Salaam, kwa Kiingereza na Kigujarati. Jina lake lamkumbusha mtu lile gazeti la Natal, na kazi yake ilifanana nalo. Mwaka 1929 likafuata Tanganyika Herald la V. R. Boal, nalo pia kwa lugha hizo mbili. Kurasa zilijaa matangazo ya biashara, kwa maana matangazo ndiyo yaliyolilisha gazeti. Palikuwa na habari za India na harakati zake za uhuru, habari za dunia zilizokuja kwa waya, na mashauri ya Wahindi na serikali ya Tanganyika. Kodi ya faida iliondolewa katika siku za Gavana Donald Cameron, aliyeshika utawala mwaka 1925. Mtu aweza kusema kwa haki kwamba jamii iliyoandikwa na Stanley pasipo kujibu, na kujadiliwa na walowezi wa Kijerumani pasipo kuulizwa, ilikuwa sasa imepata kinywa.

Huo ni upande mmoja wa mizani, nao ni mzito. Upande wa pili huonekana mtu akizitazama zile lugha mbili za gazeti. Sehemu ya Kiingereza ilimlenga mtawala, ili asome malalamiko na kuyajibu. Sehemu ya Kigujarati iliwalenga jamaa, ili wafahamu na wasimame pamoja. Mtu wa tatu, aliyekuwa akinunua chumvi yake katika duka hilo hilo, hakuandikiwa sehemu yoyote. Katika siku 54 za mgomo, mkulima wa minazi aliyeleta kopra yake mjini alikuta milango imefungwa. Mwanamke aliyetaka kanga au mafuta ya taa alirudi mikono mitupu. Mgomo ulikuwa habari ya maisha yao pia, lakini magazeti yaliyozaliwa nao hayakuwaeleza kwa lugha yao sababu zake. Kwa Kiswahili, aliyekuwa na gazeti la nchi nzima ni serikali yenyewe, ambayo ndiyo iliyogombana na wenye maduka.

Lisilaumiwe gazeti pasipo kupima hali yake. Mchapaji hununua karatasi kwa fedha, na fedha hutoka kwa wanaosoma na wanaotangaza. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewagawa watu kwa rangi katika shule, hospitali, mahakama na mishahara, na magazeti yakafuata mistari hiyo hiyo. Mwaka 1930 Wazungu walipata Tanganyika Standard. Wahindi walikuwa na Opinion na Herald. Waafrika waliandikiwa na Idara ya Elimu. Hata hivyo, mistari hiyo haikuwa ukuta usioweza kuvukwa, na mfano wake uko Nairobi. Manilal Desai, mwenye gazeti la East African Chronicle, alimfungulia Harry Thuku mlango wa ofisi yake, na mitambo ya gazeti hilo ikachapa matangazo ya Thuku ya kupinga kipande na kodi. Thuku alikamatwa mwezi wa Machi mwaka 1922, na gazeti la Desai halikuishi muda mrefu baada ya hayo. Jambo hilo liliwezekana, basi. Lakini aliyelifanya alilipa gharama yake, na wenye magazeti wengine waliiona gharama hiyo.

Tanganyika ilingoja mpaka mwaka 1937, ambapo Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha Kwetu. Fiah hakuwa karani wa serikali wala mwanafunzi wa misheni aliyepewa ukurasa. Alikuwa mfanyabiashara mdogo aliyejua bei ya jumla na bei ya rejareja, na aliyashindana maduka ya Kihindi katika mji huo huo. Katika gazeti lake Mwafrika aliyalalamikia mambo ya biashara kwa lugha yake mwenyewe, na Mhindi mwenye duka akajikuta kwa mara ya tatu anasimuliwa. Safari hii, walakini, msimulizi alikuwa ni jirani yake, na lugha ya masimulizi ilikuwa ni ile aliyoisema kila siku mezani pa duka lake. Angaliweza kujibu kwa Kiswahili katika magazeti yake tangu miaka kumi na minne iliyotangulia. Hakuwa ameizoea njia hiyo.

Hapo ndipo panapoonekana jinsi gazeti la watu walio mbali na asili yao linavyofanya kazi mbili. Humlinda mtu asipotee katika nchi ambayo wengine wanaandika habari zake. Na kwa ulinzi huo huo humzoesha kuamini kwamba habari zenye maana ni zile zinazotoka kwa jamaa au zinazokwenda kwa mtawala, na kwamba jirani ni mteja tu, si msomaji. Haya hayakuwa ya Wahindi peke yao. Gazeti la walowezi wa Kijerumani lilifanya hivyo kwa ukali zaidi, tena likiwa upande wa wenye nguvu. Lakini kosa la wenye nguvu halitoshi kuwa udhuru wa kila mtu aliyekuwa chini yao.

Katika historia ya Bagamoyo liko jambo linalopasa kuwekwa karibu na mambo haya. Sewa Haji, katika miaka ya mwisho ya maisha yake, alijenga nyumba ya ghorofa mjini humo akaitoa kwa serikali ya Kijerumani iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila asili wapokewe. Alitoa mali yake pia kwa hospitali ya Dar es Salaam, na hata leo jina lake halijasahauliwa katika hospitali ya Muhimbili. Mtu huyu ndiye ambaye dunia ilimsoma katika kitabu cha mwandishi wa gazeti kama mjanja wa hesabu. Hakuacha gazeti la kujitetea, wala hakujibu kwa kalamu. Lakini katika lile sharti la shule mna fikira ambayo magazeti yaliyomfuata hayakuitekeleza: kwamba watoto wa nyumba zilizopakana wafundishwe pamoja, ili wapate kusomana.

Kwa mwandishi wa historia wa leo, fikira hiyo ni ya kazi, si ya kupambia hotuba. Anayetaka kuandika habari za mgomo wa mwaka 1923 kwa kutumia karatasi za serikali peke yake ataandika kisa cha wafanyabiashara wakaidi waliokataa kodi. Atakayetumia kurasa za Kigujarati peke yake ataandika kisa cha jamii iliyoonewa na ikashinda. Atakayetafuta habari hizo katika Kiswahili atakuwa na kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa itambidi aokote neno hapa na neno pale, katika barua za wasomaji na katika kumbukumbu za wazee zilizorithiwa na watoto wao. Lakini mgomo ulikuwa mmoja, na mji ulikuwa mmoja, na mlango uliofungwa ulikuwa na watu pande zake zote mbili. Vyuo vya Afrika ya Mashariki vimetoa wataalamu wengi wa Kiswahili wasiosoma Kigujarati, na katika miji ya pwani wangali wako wazee wa Kihindi wanaosoma Kigujarati na kunena Kiswahili cha Mrima kisicho na dosari. Wakikaa pamoja mbele ya kurasa hizo, wakafasiriana mstari kwa mstari, itapatikana habari ambayo hakuna gazeti lililoichapa.